Mgongo wa Tulinagwe

Tulinagwe wa Ipyana amepandikiza mpunga tangu usichana, kiuno juu, uso kwenye matope, na mgongo haukuwahi kumwambia neno. Mwaka huu ulisema. Palizi ya kwanza ulimkaza hata akarudishwa nyumbani ameshikwa makwapani. Na mvua za Kyela, unazijua, hazimngoji mgonjwa: magugu yakitangulia, mpunga umekwisha.

Mdogo wake Doreen, aliyejifunza yoga huko Mbeya, akamtandikia mkeka nyuma ya jiko. "Dada, piga magoti. Kalia visigino. Kanga hii ikunje uiweke katikati ya mapaja na visigino, magoti yasibanwe. Sasa inama mbele polepole, paji la uso kwenye mto, mikono mbele. Pumua."

"Mbona kama naomba msamaha kanisani?"

"Omba tu. Ila kuinuka, jisukume kwa mikono, taratibu. Ukikurupuka tutakuokota."

Asubuhi chache alipata nafuu. Kisha, akiwa chini vile vile, akasikia kikohozi cha mzee Andongwisye, baba wa mumewe. Zamani kwetu mkamwana hakuonekana na baba mkwe wake. Vijana wameyaacha hayo, Tulinagwe hajayaacha. Akaruka kwenda kujificha migombani. Mgongo ukalia ko! Siku kadhaa akalala ndani kama gogo, anasikia mvua batini, anayaona magugu kwa macho ya moyo.

Alipoweza kusimama akarudi mkekani, kwa woga. Na kikohozi nacho kikarudi.

Moyo ulimruka, mwili akauzuia. Akikurupuka, shamba limekwenda. Akibaki, mzee atasema mkamwana gani huyu. Akabaki, magoti yakaanza kuwaka moto, na mzee haondoki.

Mara akamsikia anasema na mti. "Wewe mkakao, nasikia hapa kuna mtu anaumwa. Mwambie asiharakishe. Mimi nakutazama wewe tu, na matunda yako yanavyooza, sijui nani anakuangalia!"

Tulinagwe akacheka ndani ya mto, machozi yanamtoka. Akaweka viganja, akajisukuma kidogo kidogo, kichwa mwisho. Mgongo ukanyamaza.

Akatembea, hakukimbia, hadi kwenye kona ya jiko. Akachungulia. Mzee bado amempa kisogo, kofia ameishusha usoni, anaukaripia mkakao.

Upande wa ziwani wingu lilikuwa jeusi. Kesho angeingia shambani, na kama mgongo ungekubali, hakujua.