Picha ya Mama Isiyokauka

Leo marehemu mama yangu kaondoka begani kwa fundi umeme.

Namaanisha picha yake. Niliichora kwa pasteli za mafuta, zile kama krayoni, nikaitundika sebuleni bila kioo tangu nahamia hapa Mbwawa.

Fundi alikuwa anachungulia soketi, akaiegemea kidogo. Nusu ya tabasamu la mama ikahamia kwenye shati lake jeupe.

"Samahani dada, kumbe mbichi? Umechora leo?"

Nikamwambia ni ya miaka. Akacheka, akapanda boda kurudi mtaani kwao, Kwa Mathias, na mama begani.

Hivi wachoraji, hizi rangi huwa hazikauki kabisa?

Mimi nilijua yangu imeshakauka zamani.

Kumbe ni vile tu hajawahi kuingia mtu humu ndani akaigusa.