Nguzo Fupi Ukutani

Mwaka wangu wa pili wa ualimu, hapo Malaba mpakani, nilipewa darasa la sita na somo la hesabu. Mifano ya grafu vitabuni ilihusu watalii na mauzo ya magari, mambo ambayo wanafunzi wangu hawakuyajali. Nikaona afadhali tuchore mahudhurio yetu wenyewe. Kila Ijumaa mwanafunzi mmoja alipaka rangi nguzo ya wiki hiyo kwenye karatasi ya manila niliyoibandika ukutani.

Mwanzoni nguzo zilikaribiana urefu. Halafu mambo ya ng'ambo yakaharibika, mpaka ukafungwa, na watoto waliokuwa wakivuka kutoka Uganda hawakufika. Nguzo ya wiki hiyo ikatoka fupi. Nilisikitika, lakini moyoni nilifurahi pia: sasa grafu ilikuwa na kitu cha kusomwa.

Jumatatu niliuliza ni wiki gani ilikuwa na wanafunzi wachache, na kwa nini. Mmoja akasema mvua, mwingine akasema soko. Nikawaambia watazame tena. Ndipo msichana aliyekuwa amebaki peke yake kwenye dawati la watu wawili akasimama.

"Mwalimu, pale juu palipobaki peupe ni pa rafiki yangu," alisema.

 Nikamwambia jibu lake ni sahihi.

Wiki hiyohiyo mkaguzi wa shule alikuja, akaisifu grafu, akataka walimu wengine waje waione. Nilimshukuru. Msichana yule alikuwa ananitazama.

Jioni nilienda hadi kwenye kizuizi cha mpakani, nikamuuliza utingo wa lori lililokwama pale kama kuna familia zinazovuka. Akaniambia hapiti mtu.

Mpaka ulipofunguliwa, baadhi ya watoto walirudi. Rafiki yake hakuwemo. Mama mmoja mwuza samaki aliyeijua familia ya rafiki huyo alinieleza kwamba walihamia mbali, wala hakujua wapi. Nilimpelekea msichana habari hizo mwenyewe, wakati wa mapumziko. Aliniuliza kama nguzo ya wiki hii itapanda. Nikamjibu kwamba itapanda kidogo.

"Ijumaa ni zamu yangu," alisema. "Naomba nisiipake."

Nilimruhusu. Ijumaa, wenzake walipoenda nyumbani, niliipaka mwenyewe, kisha nikaibandua karatasi nzima, na somo lililofuata tukachora mvua.