Dramu Iliyonikimbia Kamachumu

Nakumbuka Jumamosi moja ya mvua, mwanangu, dramu iliponikimbia mbele ya harusi nzima. Sisemi ilianguka, wala sisemi ilipasuka. Ilikimbia. Cheka tu, hata mimi siku hizi nacheka, ila siku ile nilitamani ardhi ipasuke inimeze na vijiti vyangu mkononi.

Kwanza ujue nilikuwa nani. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, nakaa Nshambya kwa wazazi wangu, na kazi yangu ilikuwa kushona sare za shule kwenye baraza ya duka moja mjini Bukoba. Mwisho wa wiki niliimba kwenye bendi ya mtu mmoja aitwaye Anatoli, bendi ya harusi na ubatizo, watu sita na jenereta moja lenye kikohozi. Kazi yangu ilikuwa kusimama nyuma na kuitikia. Lakini moyo wangu haukuwa kwenye kuitikia. Ulikuwa kwa Projesti, mpiga dramu wetu, tena usinielewe vibaya, nilichokipenda ni kiti chake. Mazoezi yakiisha nilimwomba anikalishe pale, naye kwa roho yake nzuri akanifundisha anachokijua. Alichokijua hasa ni kupiga kwa nguvu.

Kisha Projesti akapata kazi Mwanza, akapanda meli akaenda zake. Anatoli akampata mpigaji mwingine wa Kemondo, lakini huyo angepata nafasi wiki inayofuata, na sisi tulikuwa na harusi Kamachumu Jumamosi ya wiki ile ile. Nikajitokeza. Nilisema naweza. Anatoli akakuna kichwa.

“Sikia, Justa,” akasema. “Harusi hii moja tu. Watu wakicheza, kiti ni chako, na yule wa Kemondo nitamwambia asije. Wasipocheza, unarudi kuitikia, na sitaki kusikia tena habari za dramu.”

Nikasema sawa. Siku tatu zilizofuata nilikuwa natikisa mguu hata usingizini, mama akadhani nina malaria.

Sasa kosa langu lilianzia hapo, kabla hata sijafika Kamachumu. Nilijiambia hivi: wakati huu watu wa kwetu hawajazoea kumwona mwanamke nyuma ya dramu. Wataniona na sketi yangu watasema huyu hasikiki. Basi nitahakikisha nasikika. Nikachukua pedali ya ile dramu kubwa inayopigwa kwa mguu, nikaikaza springi mpaka mwisho, maana Projesti aliwahi kuniambia wanaume hukaza. Nikavaa viatu vyangu vya kanisani vyenye visigino vigumu. Nikapanga kupiga kwa paja zima, goti likipanda karibu na kidevu.

Asubuhi ile mvua ilinyesha sana. Wenye harusi walikuwa wamejenga kibanda kizuri cha miti na maturubai pembeni ya migomba, na kwa sababu ya tope wakatandika nyasi laini chini, nyingi, kama inavyofanywa nyumbani kwetu wageni wa heshima wanapokuja. Nyasi zilinukia vizuri ajabu. Tukapanga vyombo juu yake. Dramu yetu ilikuwa kuukuu, na kimoja cha vile vyuma viwili vinavyoizuia isiende mbele kilikuwa kimekatika zamani. Kwenye sakafu ya saruji Projesti alikuwa akitandika gunia chini. Mimi sikutandika kitu, nilikuwa nawaza tu jinsi nitakavyosikika.

Wimbo wa kwanza ukaanza. Nikainua goti nikashusha. Nikainua nikashusha. Kufika ubeti wa pili nikaona mguu wangu unazidi kunyooka. Pedali imeshikana na dramu, kwa hiyo zote mbili zilikuwa zinaondoka pamoja juu ya zile nyasi, hatua kwa hatua, bila haraka. Nikavuta kiti mbele. Nikapiga tena kwa nguvu zaidi, maana hasira zilishaanza. Ikaenda tena. Nikavuta kiti tena. Wimbo ulipoisha dramu ilikuwa imefika mbele ya meza ya maharusi, bibi harusi amekusanya gauni lake magotini.

Mshereheshaji hakukosa maneno. Akashika kipaza sauti. “Waitu, ndugu zangu, muda wa zawadi haujafika, lakini dramu imeshindwa kusubiri! Imekuja na zawadi yake!”

Kibanda kizima kikalipuka kwa kicheko. Mjomba mmoja wa bwana harusi, mtu wa mwili mkubwa, akaniokoa kwa njia yake. Aliweka kigoda mbele ya dramu akakaa na kuiegemea kwa mgongo. Basi wimbo wa pili ulikuwa ni kila nikipiga, mjomba anaruka. Nikipiga, anaruka. Watoto walikuja kukaa chini mbele yake ili waone vizuri. Mwanangu, kila mtu alifurahi siku hiyo, ila hakuna aliyecheza. Hata mmoja. Bibi yake bwana harusi, Ma Paulina, alikuwa ameketi mstari wa mbele anatafuna buni zake za kahawa taratibu, kama wazee wetu wafanyavyo, viganja viwili masikioni.

Chakula kilipoanza kugawiwa, Anatoli akainama sikioni mwangu. “Wakishakula tutapiga nyimbo tatu za mwisho. Baada ya hapo, Justa, basi.” Hakuwa na hasira, na hilo liliniuma zaidi.

Nikaenda kukaa nyuma ya kibanda, kwenye migomba, sahani ya matoke mapajani, siigusi. Ndipo alipokuja mzee mmoja mwembamba mwenye kofia ya kitambaa. Nilimfahamu kwa sifa. Alikuwa Ta Zakaria, yaani baba Zakaria kwa heshima ya kwetu, aliyepiga dramu kwenye bendi za Mwanza na Kampala miaka mingi, tena kwa kulipwa, kabla ya kurudi Kamachumu kulima kahawa. Projesti alikuwa akilitaja jina lake kwa sauti ya chini. Nikadhani amekuja kunipa pole.

“Shikamoo, Ta Zakaria.”

“Marahaba. Ni wewe unayegombana na dramu?”

“Sigombani nayo. Ni mbovu. Chuma chake kimekatika.”

“Kimekatika, nimekiona. Lakini hata kingekuwa kizima, ukimpiga mtu mateke ya namna ile ataondoka tu.” Akachuchumaa mbele yangu. “Halafu haina sauti. Unajua kwa nini? Unapiga, kisha unakiacha kile kinyundo cha pedali kimekandamiza ngozi. Umemwambia aseme, kisha umemziba mdomo. Kiache kirudi. Sauti hutoka kikirudi.”

Nikajitetea. Nilimwambia nilitaka watu wasikie kwamba mwanamke anaweza.

“Wamekusikia, waitu,” akasema. “Hata walioko Kemondo wamekusikia. Ila hakuna anayeweza kukucheza.”

Machozi yakanilengalenga. Yeye hakujali machozi, akauliza swali ambalo niliona halina maana kabisa. “Siku zingine unafanya kazi gani?”

Nikaona haya kumjibu. Nilitaka anione mpiga dramu, sio fundi wa kaptula za watoto. “Nashona,” nikasema chini kwa chini.

“Cherehani ya mkono au ya miguu?”

“Ya miguu.”

“Na huko unakanyaga hivi hivi, goti mpaka mdomoni?”

“Hapana! Uzi si utakatika?”

“Nionyeshe unavyokanyaga.”

Nikaweka sahani pembeni, nikavua kiatu, nikauacha mguu ufanye pale chini kama unavyofanya kuanzia asubuhi hadi jioni kule barazani. Kisigino kimetulia. Sehemu ya mbele inapanda kidogo, inashuka kidogo. Kifundo cha mguu ndicho kinachofanya kazi, paja limepumzika. Kitambaa kizito nakanyaga taratibu, kitambaa chepesi nakanyaga haraka, na sindano haijawahi kunilalamikia. Ta Zakaria alinitazama mguu, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mgomba asianguke.

“Mawe! Mama yangu! Mguu huu unao, na umekuja Kamachumu na mwingine!”

Mwanangu, sijui nikueleze vipi nilivyojisikia. Ilikuwa aibu na furaha kwa pamoja, ila furaha ilikuwa nyingi zaidi. Miaka minne nimekaa kwenye ile cherehani nikiiona ni kifungo, na kumbe ilikuwa inanifundisha kila siku.

Tukarudi kibandani wakati wageni wanamalizia nyama. Ta Zakaria akaazima koleo kwa mtu wa jenereta, akailegeza springi ya pedali hadi ikawa inarudi yenyewe kwa kuguswa tu. Akakunja gunia la kahawa akaliweka juu ya kiti changu, nikakaa juu kidogo, magoti yakawa chini ya nyonga, na mara moja nikahisi mguu umepata nafasi ya kupumua. Akaniambia nibaki bila viatu. Nilipomwomba tuweke jiwe mbele ya dramu, akakataa.

“Iache hivyo hivyo juu ya nyasi. Ikitembea tena, ujue umesahau.” Kisha akaongeza, “Msikilize mpiga gitaa la besi. Pale anapovuta, na wewe weka mguu wako hapo hapo. Na usiangalie mikono yako, angalia miguu ya wageni.”

Wimbo wa kwanza wa zile tatu ukaanza. Nikawa nimekaa barazani kwangu Bukoba, kisigino chini, nashona. Nilipiga kwa wepesi mpaka nikaogopa hakuna anayesikia. Ubeti wa kwanza ukapita, hakuna aliyesimama. Nakuambia kweli, goti lilitaka kupanda. Shetani wa goti alinisemesha: piga, mtoto wa watu, piga watu wajue upo! Nikauma midomo, nikaliacha goti lilale. Ndipo mpiga besi, ambaye siku nzima hakuwa amenitazama, akageuza shingo akanitolea meno yote. Mguu wangu na kidole chake vilikuwa vimekutana.

Nikatazama miguu ya wageni kama nilivyoambiwa. Kwanza nikaona kidole gumba kimoja kinatingishika ndani ya kandambili. Kilikuwa cha Ma Paulina. Kisha mguu mzima. Kisha Ma Paulina akatema kahawa yake kiganjani, akampa mtu wa jirani amshikie, akasimama. Alijifunga kanga yake vizuri bila haraka, akaingia katikati peke yake, mabega yakaanza kusema. Vigelegele vilivyopigwa hapo nafikiri ndege wote wa Kamachumu walihama. Mjomba wa kigoda akafuata, halafu wakwe, halafu maharusi wenyewe, hata wapishi wakaja na miiko mkononi.

Zile nyimbo tatu zikawa nane. Anatoli akijaribu kumaliza, watu wanamzomea. Na dramu, mwanangu, haikusogea hata unene wa kidole.

Tulipokuwa tunakunja nyaya, Anatoli alipita karibu nami akiwa amebeba spika. Hakunipongeza, hakuwa mtu wa hivyo. Alisema tu, “Jumamosi ijayo tuko Muleba. Usichelewe, maana hatuna mpiga dramu mwingine.” Nikageukia migomba nikalia kwa furaha, kisha nikamkimbilia Ta Zakaria, nikapiga magoti nikamshukuru kwa Kihaya, kasinge, kasinge waitu. Akaniinua. “Jumatatu nenda kashone,” akasema. Nilikwenda, tena nikiimba, na nimepiga dramu kwenye harusi za Bukoba na Muleba mpaka mvi zimenikuta pale kitini.

Sasa nisikilize wewe, mwanangu. Juzi uliniletea ile pedali yako mpya yenye vinyundo viwili, ukanionyesha kwenye simu vijana wanaopiga kwa miguu miwili haraka kama mvua ya mabati. Nimeifurahia, sio siri, na nilijaribu ulipotoka kununua maji. Sikukatazi. Ila kabla hujaongeza mguu wa pili, hakikisha wa kwanza umetulia. Kaa vizuri, usikae chini sana. Legeza springi mpaka uisikie inakujibu. Fanya mazoezi polepole kuliko unavyotaka, na kisigino kikichoka pumzika, usikiadhibu. Siku ukitaka sauti kubwa, ipo, mguu ukishajua njia utaipata bila kukanyaga mtu. Na usione haya kwa kazi unayofanya Jumatatu hadi Ijumaa. Wewe unaendesha baiskeli na mikungu ya ndizi kila wiki kupanda kilima kile, na nimekuona unavyokanyaga. Anza hapo.

Zaidi ya yote, usipige ili kumthibitishia mtu kitu. Niliwahi kufanya hivyo na nilipata vicheko vingi na wachezaji sifuri. Ukikaa nyuma ya dramu, wewe ni mwenyeji, na waliokuja mbele yako ni wageni. Mwenyeji hapigi kelele ili ajulikane yupo, huwaandalia wageni mahali pa kukanyaga.

Basi nenda. Mungu akupe kifundo chepesi na masikio mapana. Akupe mpiga besi anayekuja mazoezini kwa wakati, maana hao ni adimu. Akupe wazee wa kukucheka bila kukuvunja moyo. Na kila harusi utakayopiga, asikosekane bibi mmoja aliyekuja ameapa hachezi, akaondoka anawaonyesha wajukuu zake jinsi alivyocheza.