Midomo Yenye Ilikula Sambaza ya Maman Nsimire

Basi kama ile sambaza ilikuwa na sumu, mbona Papa Philémon iko anapumua paka leo? Mbona iko ananenepa? Hapo njo pahali maneno yenu inaangukaka, na hapo njo hamupendake kufika. Munazunguka, munazunguka, kiisha munasema eti sumu inachaguaka mutu. Sumu gani ya kuchagua mutu? Sufuria moja, mwiko moja, boti muzima ilikula, soda mumoja, mutu wa bunduki, njo alitapika. Na juu ya ule mumoja munataka mwanamuke atoke mu nyumba yake ya Bagira, hapa Bukavu, mbele ya siku ya Mungu, ile Jumapili yenye inakuya, ao batamuchomea ndani. Sawa. Munyamaze kidogo. Hii maneno itasemwa vile ilikuwa, na kila mutu ataona fasi yenye alikuwa ameikala.

Maman Nsimire hamukumujua jana. Munamujua tangu vita ya kwanza, wakati bwana yake alikimbilia ku njia ya Bunyakiri na godoro ku kichwa, hakurudi tena. Vyenye vilibakia mu nyumba ni sufuria yenye wezi habakuipenda juu chini yake ilikunjamana, na mbabula, jiko ya makala, ya kuvunjika mukono. Na vile vyombo akashuka ku ziwa, akamuambia Papa Edouard, mwenye boti ya mbao:

“Tonton, nipatie kafasi kule nyuma, karibu na moteri. Batu bako banafikaka na njaa, banakutukana wewe.”

“Na ukinichomea boti?”

“Maji iko karibu, tonton.”

Edouard akacheka, ikaisha vile.

Ile boti haijue mbio. Moteri yake inakohoa sawa muzee wa tumbaku. Inatoka Bukavu, inaambaa kando kando, inaingia Birava, inakata kwenda Idjwi, inarudi ngambo ya Katana, na inasimama fasi yote yenye mutu ananyanyua mukono. Bakubwa ba mashirika ya ONG banapita na kano zao, boti ndogo za mbio, banaachia bengine mawimbi tu. Lakini ku barabara kulikuwa bariere kila kona, na ku kila bariere basoda banakuvua hata viatu. Kwa hiyo batu banachagua maji, banachagua polepole.

Na juu ya ile polepole, banakulaka. Asubui bavuvi banarudi na mitumbwi yao yenye imefungwa tatu pamoja, bangali banaimba juu ya baridi, na Maman Nsimire ananyoosha kitunga, banamumwangia sambaza, dagaa ya Kivu, ingali inaruka. Tomate ya Birava. Nanasi ya Idjwi kwa mwisho. Sambaza inakaangwa paka inalia, kiisha inaingia mu mafuta ya ngazi, ile ya mawese, na tomate na ile pilipili ndogo ya kutoa machozi. Bugali ni ya muhogo yenye ililala mu maji paka bukali yake ikatoka, ikaanikwa, ikatwangwa. Harufu ikianza kupita, hata mwenye alikula ku nyumba anaanza kupapasa mifuko. Batu benye habajuane banaazimana chumvi, na mbele ya kufika Idjwi banaitana shemeji.

Lakini munajua desturi ya hapa. Mutu wa Bukavu anaogopaka karuho, ile sumu ya kukausha mutu polepole, kuliko anavyoogopa masasi ya bunduki. Hakuna mwenye anapana chakula ao pombe bila kuonja mbele ya macho ya mugeni. Maman Nsimire alikuwa anachota mu kiganja, analamba, anatoa ulimi inje bote baone.

“Ningali nasimama?” anauliza.

“Ungali,” banajibu.

“Basi kuleni, musinichelewe.”

Ile ulimi muikumbuke. Tutarudi pale.

Vendredi saint, Ijumaa Kuu ya huu mwaka, boti ilitoka sawa kila siku. Maman Nsimire alikuwa anafunga. Hatiake kitu mu kinywa ile siku, hata maji, paka njia ya musalaba iishe. Alipika juu mulikuwa batoto ndani na bagonjwa ba kwenda hospitali. Bakristu bengine balikuwa na haya, bakaangalia milima. Kiisha harufu ikamaliza haya.

Papa Philémon, katekisti wa Bagira, mutu wa ndevu na suti ya kaki, njo alitangulia.

“Maman, ku maji hakuna paruasi wala padri.”

“Padri mwenyewe hajue kuogelea,” akasema Martine, ule jirani wa Maman Nsimire mwenye anauzishaka makemba, ndizi za kupika. Boti ikacheka.

“Basi nani ataonja?” Maman Nsimire akauliza. “Mimi leo siwezi.”

“Leta,” akasema Philémon. “Kazi ya mutumishi wa Mungu ni kutangulia.”

Akaonja. Akaonja sahani muzima, akaomba ingine, mafuta ikashuka mu ndevu. Martine akakula, akaomba pilipili ya kuongeza. Mwanafunzi mumoja wa miwani akakula bure, juu Maman Nsimire anahurumiaka banafunzi. Edouard akakula na mukono moja, ingine ku moteri. Ni nani hakukula? Anyanyue kidole.

Ku Birava, basoda ba rébellion, ile jeshi ya waasi, bakapanda: komanda na bavijana bake babili. Komanda alikuwa na kilundo ya muhogo mu shuka, udongo ingali mubichi juu yake. Kila mutu mwenye alikomalia upande wa Kabare aliona mara moja ni muhogo ile michungu, ya kulowesha, na aliona pia imeng’olewa mu shamba ya mutu sasa hivi. Komanda akaitupa juu ya makala ya Maman Nsimire, pembeni ya sufuria, akaanza kuichoma sawa mahindi.

Maman Nsimire peke yake njo alifungua kinywa, na sauti ya chini.

“Baba komanda, hii haikuliwake vile. Inalalaka mu maji kwanza. Ukiikula hivi itakuangusha.”

“Unanitisha?”

“Hapana, baba. Nakuambia tu.”

“Ama ni shamba ya kaka yako?”

Akashika tena mwiko. Komanda akakula muhogo yake yote, bavijana bakamuomba kidogo, akabatupia maganda tu. Kiisha akataka sambaza kwa bote batatu.

“Lakini onja kwanza, mama. Najua mambo yenu ya Bukavu.”

“Leo niko nafunga, komanda. Papa Philémon alionja. Muangalie ndevu.”

Batu bakacheka tena. Philémon akanyoosha mukono sawa mutoto wa masomo. “Nilionja, mon commandant. Niko hapa, sina kitu.”

Mulisikia. Bote mulisikia, hata ule mwenye alikuwa amelala mbele juu ya mifuko ya maharagi.

Basoda bakakula. Boti ikakata kwenda Idjwi, polepole, jua ikapanda. Na katikati ya maji pale komanda akashika kichwa. Akasema dunia inazunguka. Akatapika ku ukingo, akatapika tena, akalala juu ya kamba na macho nyeupe. Aliporudisha pumzi, kidole yake ikatafuta mutu, ikamupata.

“Huyu alisema nitaanguka. Na alikatala kuonja.”

Bavijana bake bakanyanyua bunduki. Mumoja akauliza boti yote: “Nani alikula hii sufuria? Asimame.”

Batu bakaangalia milima tena.

“Papa Philémon,” akasema Maman Nsimire. “Baambie, papa.”

Na Philémon, mafuta ingali inangaa mu ndevu, akasema: “Mimi? Leo ni Vendredi saint, mon commandant. Mimi nafunga.”

Masasi ilimutisha, sawa, ilitisha kila mutu. Lakini haikuwa masasi peke yake. Mu ile boti mulikuwa batu ba paruasi yake, na mbele ya bunduki mutu anaweza kukubali alionja mara moja juu ya kazi, lakini ile sahani ya pili? Aliona haya ya ndevu yake. Akachagua mwanamuke akufe kuliko batu baseme katekisti alishiba siku ya kufunga. Na bengine nyuma yake bakashika ile njia yenye alifungua.

Martine alikuwa na sahani chini ya kitenge. Akaisukuma na kisigino paka ukingo, ikaingia mu maji, pchu. Kiisha ingine, pchu. Ni sahani za Maman Nsimire zenyewe, alikuwa anaona zinashuka. Mwanafunzi akatupa yake na kijiko ndani. Edouard akainama ku moteri sawa inaharibika. Bavijana ba komanda, benye balikuwa na vichwa vya sambaza kati ya meno, bakazimeza haraka juu ya kuogopa mukubwa wao.

“Martine,” akasema Maman Nsimire, “uliniomba hata pilipili.”

“Maman, mimi sikujue sana.”

Balikuwa banachota maji ku bomba moja, tangu batoto bao bangali ku mugongo.

“Lia,” akasema komanda mu Lingala yao ya jeshi. “Lia nyonso.” Kula, kula yote.

Sufuria ilikuwa ingali juu ya makala, mafuta inachemka. Maman Nsimire akaomba ipoe kidogo. Kijana mumoja akamushika nywele, mwingine akachota na mwiko. Alifanya alama ya musalaba, ilikuwa bado mbele ya saa tisa, na bakavunja kufunga kwake na mafuta ya moto. Mwiko juu ya mwiko. Alikuwa anataka kulia na ile sauti haikupata pa kupitia. Mama mumoja akafunika mutoto wake macho. Njo ile tu yenye mulifanya, boti muzima: macho ya mutoto mumoja ikafunikwa.

Sufuria ilipoisha, akalala pembeni ya mbabula, ngozi ya ulimi ikining’inia. Na munajua mulifanya nini? Mulingoja. Mulimuangalia sawa mutu anangojea habari ya radio, muone kama atakufa. Hakukufa. Komanda, tumbo ilikwisha kutupa muhogo yake, akalala usingizi, akaamuka ku Katana anaomba bia. Akashuka na miguu yake. Mbele ya kushuka, kijana wake akapiga mbabula teke, ikaingia mu ziwa.

Hapo, mutu mwenye akili angesema: mwanamuke amekula sufuria yote, iko muzima, basi hakukuwa sumu. Hapana. Martine, anaweka makemba ku kichwa, akasema bote basikie:

“Hakukufa. Mumeona? Mwenye sumu anakuwaka na dawa yake.”

Ile neno ilitembea kuliko boti ya Edouard. Ilifika Bagira mbele ya Maman Nsimire. Alipopanda mulima na kitambaa ku kinywa, milango ilikuwa inafungwa moja moja.

Leo hatofautishe chumvi na sukari. Kusema, anasema sawa mutu mwenye kuwa na jiwe mu kinywa, jirani akitaka kucheka anacheka. Asubui angali anakaanga sambaza kidogo mbele ya mulango, mu sufuria ileile, juu ya mafiga matatu. Anachota mu kiganja, analamba, anangoja. Hakuna kitu. Anaongeza chumvi, analamba, hakuna kitu. Kiisha anatoa ulimi inje vile alizoea, kwa batu ba njia, na batoto banakimbia juu ile ulimi imekuwa nyeupe na makovu. Habajue iko anabaonyesha nini. Jioni anakula ile sambaza peke yake, bila kuisikia.

Ku kapela, Philémon alimuambia aikale nyuma, maneno ipoe kwanza. Maman Nsimire akamuangalia ndevu. Ilikuwa safi, imechanuliwa. Njo kile kinamuumaka paka leo, kupita moto ya mafuta. Komanda alikuwa mugeni, alikuya na bunduki, mutu anajua bunduki inafanyaka nini. Lakini ile ndevu alikuwa ameilisha tangu vita ya kwanza.

Na sasa bavijana ba avenue bamenunua esansi, petroli ya kuchomea nyumba, bidon iko kwa fundi wa pikipiki, bote banaiona banapita. Bamemupa paka siku ya Mungu. Hana fasi ya kwenda. Kwao kumechomwa, bwana yake haonekane, na ku ziwa hakuna boti yenye itamubeba. Anafagia nyumba kila siku sawa mutu mwenye kungojea bageni.

Kwa hiyo hapa hakuna maneno ya kuomba muhurumie. Huruma muache. Ule komanda alihamishwa, haiko tena Bukavu, hamuna mutu wa kuogopa isipokuwa haya yenu. Wewe Martine. Wewe mwanafunzi wa miwani. Wewe Edouard na moteri yako. Wewe mama wa kufunika macho. Siku ya Mungu, misa ikiisha, kuyeni ku mulango ya Maman Nsimire, mubebe kila mutu sahani, juu zake mulizitupa mu maji. Mukule mbele ya ile bidon. Na wewe Papa Philémon, utangulie sawa ile siku. Ushike sahani, utie mu kinywa, utoe ulimi inje bote baone, kiisha useme na sauti yenye unasomeaka Injili: nilikula, nikaomba ingine.

Kama hauweze, leta kiberiti wewe mwenyewe.

Mukuye.