Asante Niliyoitoa Kabla ya Kujaribu

Asubuhi ile nilitoka nyumbani kwa dada yangu, mtaa wa Mangobo, bila kujua ninaenda wapi. Haikuwa mara ya kwanza. Tangu nilipoacha shule, mwaka wa pili wa sekondari, miguu yangu huamka kabla ya kichwa. Nilibeba mfuko mmoja wenye kitenge cha kubadilisha, kisu kidogo na sabuni. Dada yangu alikuwa akikaanga mikate ya mafuta ya kuuza. Alinitazama, akautazama mfuko, akarudi kwenye karai lake.

Niliwafuata watu waliokuwa wanashuka mtoni na baiskeli za toleka, zile za kubeba abiria, nikajikuta ukingoni. Nilipanda mtumbwi wa kwenda Lubunga, ng'ambo ya mto, kwa sababu moja tu: ulikuwa umebakiza nafasi ya mtu mmoja. Ng'ambo hiyo nilikuwa ninaujua ukingo wake peke yake, mahali pa kushukia na kurudi. Safari hii sikurudi. Nilivuka reli, nikaendelea mpaka nyumba zikaanza kuachana na njia ikaingia kwenye bustani za mboga. Mahali njia inapogawanyika kulikuwa na kisoko kidogo, akina mama wameketi na pilipili na mafungu ya ndizi.

Hapo nikamsikia mwanamke akisema kwa sauti kubwa, "Aksanti sana, papa. Dawa iko muzuri kabisa. Mungu akuongezee." Nikageuka nione ni nani anayemshukuru nani. Sauti ilitoka kwenye kipaza sauti kilichofungwa mbele ya baiskeli. Ilikuwa sauti yangu.

Upande wetu wa mto, katikati ya mji, kuna mfanyabiashara mwenye depo, ghala la vitu vya nyumba na bustani. Maboksi yanamfikia kutoka mbali, na ndani yake mna vitu ambavyo hapa hakuna aliyewahi kuviona. Kwa hiyo kila boksi linapofika hutoa viwili vitatu bure. Unachukua, unajaribu kwako, unarudi kusema. Nilipolisikia jambo hilo niliona kama limetungwa kwa ajili yangu. Mimi siwezi kupita kifuniko bila kukifungua. Shuleni nilichapwa kwa kufungua saa ya mwalimu; sasa mtu mzima ananipa vitu nivifungue.

Nilijaribu vingi miezi ile. Babula, lile jiko la makala, yaani makaa, lililosemwa kwamba linakula makala nusu: kweli lilikula nusu, na chakula nacho kikaiva nusu. Mpira wa kumwagilia uliopasuka jua la kwanza. Taa ya kufukuza mbu, ambayo mbu waliipenda sana. Jembe lililoinama mbele ya mzizi wa muhogo kama mtu anayemsalimia mkwe wake. Kopo moja la kumwagilia, lenye mdomo mrefu, lilikuwa zuri kweli; dada yangu analo mpaka leo. Yote hayo nilimwambia yule papa, ndivyo tunavyomwita baba mwenye heshima, mazuri na mabaya, na jembe nilimrudishia aone lilivyopinda. Alitikisa kichwa. Nilidhani kutikisa kichwa ni kusikia.

Sasa kuna jambo ambalo mtu wa mbali anaweza asilijue. Wazazi wangu walikuja hapa kutoka Maniema, na nyumbani kwetu, ukipewa kitu leo, kesho asubuhi unarudi kushukuru. Hutumi mtoto, unakwenda mwenyewe, mapema. Na shukrani haipimwi. Ukipewa samaki, unamsifu samaki kabla hujaujua mwiba wake. Kusema "ngoja nijaribu kwanza, ndipo nishukuru" ni tusi, na mama yangu angeamka kaburini kunipiga. Kwa hiyo kila nilipochukua kitu kwenye ile depo nilikwenda mara mbili: kesho yake kushukuru, na siku kadhaa baadaye kusema nilichokiona. Zile asubuhi za shukrani nilimkuta ameketi mlangoni, simu iko juu ya goti. Nilifikiri anangoja mtu ampigie.

Mara ya mwisho alinipa chupa ya dawa ya wadudu wa mboga. Kesho yake nikaenda na zile sifa zangu zote. Siku hiyo hiyo mchana nikachanganya kizibo kimoja kwenye bidoni, dumu la maji, kama alivyoelekeza, nikanyunyizia kipande cha bitekuteku, yaani mchicha wetu, nyuma ya nyumba ya dada. Siku ya kwanza majani yaling'aa kama yamepakwa mafuta. Siku ya pili yaling'aa bado. Siku ya nne kingo zikawa za kahawia, zimejikunja kama karatasi iliyokaribia moto. Viwavi wenyewe walikuwa wamehamia kwenye bamia, wanene, wana afya. Nilichukua watatu nikawatia kwenye glasi na matone ya ile dawa bila maji. Mchana walikuwa wamepanda mpaka ukingoni wanatafuta njia.

Nilikwenda kumwambia. Alisikiliza, akasema sawa, akanipa chujio la chai nikalijaribu. Nikalipokea. Ninalisema hilo kwa sababu hasira yangu haina haki ya kuruka mahali hapo. Lilikuwa chujio zuri, ndilo linaloniuma.

Basi nikaenda mpaka kwenye ile baiskeli. Mwuzaji alikuwa kijana, ana chupa zimejaa kwenye kikapu cha nyuma, zile zile.

"Zima," nikamwambia.

"Nizime nini, yaya?" akauliza, akiniita kama dada yake mkubwa.

"Hiyo sauti. Ni yangu."

Alinitazama, akasikiliza kipaza, akanitazama tena. Kisha akacheka na kuwaita watu. "Mukuye muone. Vedeti mwenyewe, nyota wa kipaza, amefika."

Mama wa pilipili akasema kwamba basi niimbe tena, wauone mdomo. Wakacheka wote. Nilingoja kicheko kiishe, nikaeleza kwamba dawa ile inaunguza majani, kwamba nimeijaribu mwenyewe na viwavi hawakufa. Yule kijana hakukasirika. Aliuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza njia.

"Alors, ulisema ao haukusema?"

"Nilisema aksanti."

"Na 'iko muzuri kabisa', ni miye nilisema?"

Jibu ninalo sasa: shukrani ni kitu kimoja, ushahidi ni kitu kingine. Shukrani inamtazama aliyetoa. Ushahidi unamtazama atakayepokea baada yako. Mtu akikata ile ya kwanza na kuiuza kama ya pili, ameiba, hata kama hakuna neno aliloongeza. Na yule papa hakufanya kwa kutojua. Angekuwa mgeni wa mabara mengine, asiyejua kwa nini watu wa hapa wanakuja mlangoni asubuhi na kumwagia mtu sifa, ningemsamehe. Yeye alilelewa hivyo hivyo. Alijua kabisa kwamba asubuhi ile bado sijafungua chupa. Aliketi na simu juu ya goti, inarekodi, akangoja adabu yetu ipite, kama mtu anayetega samaki mahali anapojua watapita.

Wala sikuwa peke yangu ndani ya kile chuma. Baada yangu alifuata papa mmoja mzee, anashukuru kwa babula. Nilimtambua kwa kikohozi. Tuliwahi kukutana mlangoni pale depo. Sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye bado hajaliwasha.

Nilijaribu kupiga kelele juu ya kipaza. Nilisema msinunue, inaunguza. Kipaza kikasema iko muzuri kabisa, Mungu akuongezee. Nikasema tena, nacho kikasema tena. Nilikuwa ninashindana na mimi mwenyewe, na yule wa ndani alikuwa na betri. Kijana aliniambia, na ninaamini alisema kweli, kwamba yeye anatembeza tu, mambo ya sauti ni ya patroni, yaani tajiri wake, nimfuate patroni. Akapanda baiskeli yake, akaondoka na sauti yangu.

Wakati huo mama mmoja mrefu, kitenge amekifunga juu kwa kazi, alikuwa amekwisha kuweka chupa kwenye beseni lake. Alitazama kelele zangu zote bila kucheka, kisha akatwika beseni, akaingia njia ya bustani. Nikamfuata. Sikujua nitamwambia nini. Nilijua tu kwamba chupa ile inakwenda kumwagwa kwa neno langu.

Alikuwa na vitalu kumi na viwili vya bitekuteku, virefu, vimepangwa vizuri mpaka karibu na mfereji. Vitano viwavi walikuwa wamevitoboa mpaka majani yakabaki kama wavu. Alinieleza huku akifanya kazi, bila kunitazama. Mbegu ya kwanza ya msimu maji ya mto yalipanda yakaibeba. Hii ilikuwa ya pili, na hakubakiza nyingine nyumbani. Alikuwa akingoja vitalu viwili vya mwisho vikomae vitoe mbegu ya kuendelea nayo. Viwavi wakivifikia, imekwisha. Ndiyo maana alinunua dawa. Akajaza bidoni maji ya mfereji, akafungua chupa. Nikaweka kiganja juu ya mdomo wa bidoni.

"Toa mukono."

"Mama, itaunguza yote. Mbegu nayo."

"Nilikusikia pale soko. Na nilikusikia jana na juzi, ile chuma ilipitaka hapa. Siku mbili unasema iko muzuri. Leo unasema iko mubaya. Sasa niamini weye wa mule ndani, ao weye wa hapa inje?"

"Yule wa mule ndani alikuwa hajajaribu."

"Na aliongea?"

"Aliongea."

"Bon," akasema, yaani basi, imekwisha. Sijawahi kuhukumiwa vizuri kama pale.

Sikuondoa mkono. Nilimwomba ajaribu kitalu kimoja tu, kile kibaya zaidi, cha karibu na njia, angoje siku nne aone kwa macho yake. Alichuchumaa, akageuza jani, akanionyesha chini yake. Walikuwa saba juu ya jani moja. Akaniuliza kama nitawaambia hao nao wangoje siku nne. Alikuwa na haki. Ushauri wangu ulikuwa wa bure kwangu na wa gharama kwake, sawa kabisa na zile sifa zangu za asubuhi. Nikasema nitawaokota kwa mkono, kitalu kwa kitalu, na kupaka majivu kwenye vishina.

"Kumi na mbili?"

"Kumi na kimoja. Kile kimoja ni cha dawa."

Sasa ndipo alipocheka. Alisema anauona mfuko wangu, na anawajua watu wa mfuko mmoja. Leo wako Lubunga, kesho unasikia wako Bafwasende, na siku ya nne yeye atabaki hapa na majani yake, mabaya au mazuri, bila mtu wa kumwuliza. Alisema sauti inayopita na kuondoka alikwisha kuisikia ya kutosha. Kama nataka aamini hii nyingine, basi ikae. Siku nne. Majani yakiungua, atanisadiki na kuitupa chupa. Yasipoungua, atamwaga vitalu vyote, na mimi ndiye nitakayechota maji.

Nilikubali. Ni ajabu kwangu, kwa maana sijawahi kukubali kukaa mahali kwa hesabu ya siku.

Tukanyunyizia kile kitalu kimoja. Majani yaling'aa mara moja, kijani kilichokolea, yalipendeza, nisiseme uongo. Mama aliyatazama, akanitazama. Nikachukua kopo la nyanya lenye maji na majivu, nikaanza kitalu cha pili. Kazi ile ni ya kuinama mpaka mgongo usahau kunyooka, na viwavi wakibanwa wanaacha kijani kwenye vidole kisichotoka kwa sabuni. Niliokota nikiwa na hasira, jani kwa jani, na kila mara nilipodhani imepoa nilisikia baiskeli mbali, upande wa reli, na mwanamke asiyejua lolote anamshukuru papa. Kuna watu walikuwa wananunua wakati ule ule nimeinama. Kwao sikuwa na mkono wa kuweka juu ya bidoni. Hakuna ofisi ninayoijua ambako mtu anakwenda kudai sauti yake, na hata ingekuwepo, wangeniuliza lile swali la yule kijana.

Jua lilipoanza kulegea nilikuwa nimemaliza vitalu vitatu. Mama alivipitia, akageuza majani hapa na pale, akakuta kiwavi kimoja nilichokiacha, akakitia kwenye kopo langu. Kisha akanipeleka nyumbani kwake, nyumba ya udongo ya vyumba viwili nyuma ya mfereji. Chumba cha pili kilikuwa cha majembe na magunia. Alisogeza magunia ukutani, akatandika mkeka, akaniambia niweke mfuko wangu pale.

Jina langu hakuliuliza. Aliuliza kama ninakoroma.

Nikamwambia ndiyo, sana, na dada yangu alikwisha kunihamisha vyumba kwa sababu hiyo. Akainama, akauvuta mkeka mpaka ukuta wa mbali, akaenda kuwasha moto.