Fundi Melkizedeki na Hedifoni za Mwalimu Abdiel

Kuna wivu wa mapenzi, kuna wivu wa mali, halafu kuna wivu wa fundi. Huu wa tatu ndio uliomkaba Melkizedeki Jumamosi ile ya mwaka tisini na nne, alipomwona Jamaldini akipandisha boksi kubwa kwenye ngazi za fleti pale Sekei, huku Mwalimu Abdiel akimtangulia na kumfungulia milango kama anayepokea bwana harusi.

Kibanda cha Melkizedeki kilikuwa chini ya ngazi hizo hizo. Miaka kumi na miwili alitengeneza redio humo, na kwa miaka yote hiyo redio ya Mwalimu haikuguswa na bisibisi ya mtu mwingine. Kila Jumamosi Mwalimu alishuka akakaa kwenye stuli, redio yake iwe mbovu, iwe nzima. Walisikiliza, wakabishana, wakanywa chai. Wateja Melkizedeki alikuwa nao wengi, lakini mtu wa kumsikiliza akieleza kazi ya transfoma mpaka mwisho bila kupiga miayo, alikuwa huyo mmoja tu.

Sasa biashara ilikuwa imefunguliwa, na vyombo vya muziki vya mitumba kutoka Japani vimejaa mjini. Mwalimu, aliyekuwa ameshastaafu, akautamani muziki wa kisasa. Shida ilikuwa usingizi wa mkewe, Sia. Mama yule alikuwa muuguzi wa zamu ya usiku, akilala mchana, na kuta za fleti zile ukikohoa jirani anakuambia pole. Kwa hiyo Mwalimu akamwuliza Melkizedeki habari za hedifoni, zile spika ndogo za kuvaa masikioni. Mara ya kwanza Melkizedeki akacheka. Mara ya pili akacheka zaidi, akasema, "Mwalimu, na mvi zako hizo, uvae masikio ya plastiki kama rubani? Hayo madude waachie vijana!"

Mwalimu alicheka kidogo, akamalizia chai yake. Melkizedeki akadhani yamekwisha. Kumbe yalikuwa yamevuka barabara hadi kwa Jamaldini, fundi kijana wa upande wa pili.

Basi Jumamosi hiyo Melkizedeki alifungua redio ya mteja, akaifunga bila kugusa kitu, akaifungua tena. Huko juu kimya. Na kimya hicho ndicho kilichomtafuna. Muziki wa jirani ukiusikia, utauponda: besi imezidi, spika imepasuka. Utauponda vipi usiousikia? Akafunga kibanda, akapanda.

"Hodi! Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Melki, karibu. Ila ongea chini chini, mama amelala."

Jamaldini alikuwa amepiga magoti mbele ya meza. "Kaka Melki! Shikamoo."

"Marahaba," alijibu, macho yakiwa kwenye nyaya.

Na tuseme ukweli, kazi ilikuwa safi. Deki ya kaseti ilikaa pembeni ya amplifaya, si juu yake, isije ikapikwa na joto. Nyaya zilifungwa pamoja kwa uzi wa cherehani. Kiti cha Mwalimu kilisogezwa ili waya wa hedifoni usivutike, na ukutani kulikuwa na msumari wa kuzitundika. Melkizedeki alitafuta kasoro kama mtu anayetafuta chawa kwenye kichwa kilichonyolewa.

Ndipo akaiona. Nyuma ya amplifaya, kwa maandishi madogo: volti 100.

Umeme wa kwetu ni zaidi ya mara mbili ya huo. Kitu cha Japani lazima kipitie transfoma ya kuushusha, ukikichomeka hivi hivi utasikia "pa!", utaona moshi, na muziki utakuwa umeishia hapo. Melkizedeki aliufuata waya kwa macho. Ulishuka, ukapotelea nyuma ya kabati kuelekea ukutani. Transfoma hakuiona.

Moyo ulimruka, tena kwa furaha. Aliona yote: Jamaldini akishuka na boksi lake kichwa chini, na Mwalimu yuko kwenye stuli, akisema, Melki, ni wewe tu unayejua.

"Kaka, wewe ndiye mkubwa," Jamaldini alisema, kidole kiko kwenye swichi. "Kuna kitu umeona? Nikosoe."

"Hakuna," alisema Melkizedeki. "Washa."

Swichi ikalia ta. Taa nyekundu ikawaka, ikatulia. Hakukuwa na moshi wala harufu.

Melkizedeki alichungulia nyuma ya kabati kabla hajajizuia.

"Ah, transfoma?" Jamaldini akacheka. "Iko huko. Ilikuwa inanguruma, nikaikalisha juu ya vipande vya kandambili mama asiamke." Kisha kicheko kikamkauka. "Kumbe kaka uliiona ile mia moja."

Mwalimu aligeuka, hedifoni mkononi. Habari za volti alizijua, na aliyemfundisha alikuwa amesimama mbele yake.

"Melki. Uliiona?"

"Niliiona, Mwalimu."

"Ukajua hakuna transfoma."

"Nilidhani hakuna."

"Na ukasema washa."

Uongo ulikuwa umeshafika mdomoni. Melkizedeki akaumeza. "Nilitaka iungue. Huyu aondoke na aibu, wewe urudi kwangu."

Mwalimu aliziweka hedifoni mezani. "Nilikuuliza mara mbili, ukanicheka. Na bado leo asubuhi nilimwambia Jamaldini, ukimaliza tumwite Melki aje asikilize."

Melkizedeki akashika mlango. "Basi niende."

"Uende wapi? Kaa hapo. Wa kwanza kusikiliza ni aliyefunga mitambo. Wa pili ni mimi. Kila mtu upande mzima wa kaseti."

"Na mimi?"

"Wewe subiri."

Jamaldini alitia kaseti, akapunguza sauti mpaka mwisho, akavaa hedifoni, akaipandisha taratibu. Mara akafumba macho, mguu ukaanza kugonga zulia. Melkizedeki, kwenye ncha ya kochi, alisikia tss-tss nyembamba tu, kama mdudu ndani ya kiberiti. Wivu ulimpanda upya, lakini hakuinuka.

"Sauti za kushoto na kulia ziko sawa?" alinong'ona.

Jamaldini hakusikia.