Viwavi wa Uani na Kanga ya Mama

Mimi ni fundi cherehani, hapa hapa Ujiji, na macho yangu ndiyo yanayonilisha. Siku jicho la kulia lilipoanza kuwasha, hasira zilinipanda kabla ya maumivu.

Nilikuwa nafagia uani. Msimu huo viwavi wenye manyoya walikuwa wamejaa kwenye ua wetu wa miti, na mimi niliwapiga kwa ufagio huku nikiwatukana. Upepo ukavuma kutoka ziwani, nikahisi kitu kimeniingia jichoni, kidogo kama vumbi. Nikafikicha.

"Acha kufikicha, wewe!" Mama akapiga kelele. Alikuwa amekuja kutoka Mwandiga kukaa nami, na kwake mimi, mwenye watoto watatu, bado ni mtoto. Akavuta kanga yake aliyoianika juu ya ua ule ule, maana kamba ilikuwa imejaa sare za shule. Akaikunja pembe, akaipulizia pumzi ya moto, akanikandamiza nayo jichoni. Nani aliyelelewa na mama asiijue dawa hiyo? Nikatulia kidogo. Halafu jicho likawaka.

"Bado?"

"Bado, mama."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Akapuliza tena, akakandamiza zaidi. Kadiri alivyonihurumia ndivyo nilivyoumia, na wote wawili hatukujua kwa nini. Mchana jicho lilikuwa limefumba, shavu limetoka vipele. Uzi wenyewe siuoni, sembuse tundu la sindano. Niliogopa, nami nikamwambia wazi: "Mama, nikipofuka hawa watoto watakula nini?" Yeye alikuwa anajikuna bega, akisingizia joto.

Hospitalini daktari, binti mdogo tu, alimwamkia mama, kisha akaliosha jicho langu kwa maji mengi, akageuza kope, akachungulia kwa taa. Akasema ni nywele za kiwavi, nyembamba mno, na nyingine zimesukumwa ndani. Hunasa kwenye nguo, akasema, zikawasha hata kiwavi mwenyewe akiwa ameshaondoka. Akatoa alizoweza.

"Mlipangusa na nini?"

Nikawahi kujibu. "Na mkono wangu. Nilifikicha."

Daktari akalitazama bega la mama, limejaa vipele kama shavu langu, na kanga ile ile imelifunika nusu.

"Muongo huyo, mwanangu," mama akamwambia daktari. "Ego, ndiyo, ni kanga yangu. Niliianika penye viwavi, nikamsukumia jichoni kwa mkono huu." Akaunyoosha mkono utafikiri unakwenda kukatwa.

Roho iliniuma kuliko jicho. Tulipofika nyumbani alifua kila kitu akakianika kwenye kamba, lakini mimi hakunigusa tena. Dawa ya matone alimwachia binti yangu, ambaye nusu aliimwaga shavuni. Nikimwita mama, alisema ana kazi jikoni.

Tuliporudi kwa daktari, mama alikataa kuingia, akabaki mlangoni. Daktari akanifunika jicho la kushoto, lililo zima.

"Haya, unaona nini?"

Mwanzoni niliona ukungu. Nikapepesa, nikasubiri.

"Namwona mama yangu mlangoni," nikasema. "Mwite aingie, umfundishe kunitilia dawa. Mimi nataka mkono wake."